Mvua ya Bando: Kelele za Tabata Hazitibiwi kwa Hedifoni

Mkazi wa Tabata anayelalamikia kelele hupewa moja ya majibu mawili. La kwanza ni la zamani na halina adabu: "Kama hutaki kelele, hamia Masaki." La pili ni la kisasa, la upole, na hutolewa na watu wenye nia njema, kuanzia washauri wa afya ya akili wanaoalikwa redioni hadi vijana wanaofundisha mtandaoni namna ya kuishi bila msongo. Tafuta hedifoni, wanasema. Fungua simu, weka sauti ya mvua, ya mto au ya ndege wa msituni. Funga macho dakika kumi, vuta pumzi, utakuwa sawa. Mwenye pesa zaidi anaambiwa anunue miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfunika mtu macho na masikio hadi ajione amesimama chini ya miti mirefu, kijito kikimpita miguuni, ilhali mwili wake uko kwenye kochi, Tabata Kimanga, jirani na gereji.

Jibu la kwanza halihitaji makala. Hili la pili linahitaji, kwa sababu lina ukweli ndani yake, na kwa ukweli huo limewashawishi hata watu makini kwamba kelele ni tatizo la sikio la mtu mmoja mmoja na kwamba tiba yake inapatikana kwa bando. Makala haya yanasema kinyume. Utafiti uleule unaotumiwa kuinadi mvua ya kwenye simu ndio unaoishtaki mitaa ya Dar es Salaam.

Kwanza ushahidi upewe haki yake. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakiongozwa na Jesper Alvarsson waliwapa watu 40 hesabu za kichwa za kuwasumbua, kisha wakawasikilizisha sauti mbalimbali. Walipowekewa chemchemi na ndege, miili yao ilitulia haraka kuliko walipowekewa kelele za magari. Kipimo kilikuwa jasho jembamba la ngozi, ambalo mtu hawezi kulidanganya. Mapigo ya moyo hayakuonyesha tofauti hiyo, na watafiti walilisema wazi. Miaka mitatu baadaye, hukohuko Sweden, Matilda Annerstedt na wenzake waliwatia watu 30 katika jaribio gumu: kuhutubia na kukokotoa hesabu mbele ya majaji waliotengenezwa kwa kompyuta. Kisha waliwagawa makundi matatu. La kwanza liliingizwa katika msitu wa uhalisia pepe wenye sauti za ndege na maji, la pili katika msitu uleule usio na sauti, na la tatu halikupewa msitu. Ni katika kundi la kwanza ambapo sehemu ya mfumo wa neva inayouambia mwili "pumzika" ilionekana kuamka.

Mwaka 2021 likaja jumuisho kubwa zaidi. Rachel Buxton, pamoja na George Wittemyer ambaye kwa miaka mingi amewafuatilia tembo wa Samburu nchini Kenya, walikusanya tafiti 36 kutoka nchi 11. Sauti za maji ziliongoza katika kuinua hali ya moyo na afya, na sauti za ndege ziliongoza katika kupunguza msongo na kero. Hakuna sababu ya kubishana na haya. Sauti za asili zinaugusa mwili, hata zinapotoka kwenye mashine.

Sasa matokeo hayo yasomwe mpaka mstari wa mwisho.

Katika jaribio la 2013, msitu usio na sauti haukuleta nafuu ile. Miti ilikuwa ileile na mwanga uleule, lakini mwili haukupata ulichokitaka. Mwindaji yeyote wa Pwani angeweza kulieleza hilo bila mashine: ndege wakinyamaza ghafla, mtu husimama na kuangalia nyuma. Ndege wanaoimba ni taarifa kwamba hakuna chui karibu. Sikio, basi, ni mlango mkuu wa utulivu, na kinachopita katika mlango huo si jambo la starehe tu. Kama dakika chache za sauti njema zina nguvu hiyo, je, saa kumi na nane za sauti mbaya zina nguvu gani?

Sehemu ya jibu ilitoka Berlin mwaka 2022, katika utafiti wa Taasisi ya Max Planck. Watu 295 walisikiliza kupitia mtandao, kila mmoja kwa dakika sita tu. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi na hali ya kuwashuku wenzao. Waliosikia kelele za magari waliongezeka unyonge wa moyo. Dakika sita. Mkazi wa Tabata Barakuda huzipata hizo kabla hajamaliza kupiga mswaki, kisha zinarudiwa mchana kutwa. Anayewahimiza watu wasikilize ndege wa kwenye simu amenukuu nusu ya utafiti. Nusu aliyoiacha inasema kwamba magari yanaumiza kwa njia ileile ambayo ndege wanaponya, na mtu hawezi kuikubali dawa huku akilikataa jina la ugonjwa.

Halafu kuna suala la mahali. Katika maabara ya Stockholm, sauti ya chemchemi na ndege ilichezwa kwa desibeli 50, takriban sauti ya maongezi ya chini ndani ya chumba kilichotulia. Chumba hicho hakipo Tabata. Saa kumi na moja alfajiri wapiga debe wamekwisha kuamka, nao jina la kazi yao linasema yote: hapo zamani debe lenyewe lilipigwa. "Kariakoo! Kariakoo! Posta hiyo!" Saa mbili asubuhi fundi anawasha mashine ya kukatia vyuma. Saa nne, spika ya machinga iliyofungwa kwenye mkokoteni inarudia bei moja kwa saa nzima, buku, buku, buku, bila mwenye sauti kuwepo, maana mwenyewe amejirekodi ili asichoke. Mchana pikipiki zilizotolewa sehemu ya kuzuia mlio kwenye eksozi zinapita. Ndege za abiria zinashuka kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, si mbali na hapo. Umeme ukikatika, jenereta zinachukua zamu. Usiku unapoingia, baa zinageuza spika zielekee barabarani ili mteja wa upande wa pili asikie kwamba kuna uhai.

Katikati ya hayo, anayetaka kusikia mto wa desibeli 50 hawezi kuusikia. Ataongeza sauti. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inazidi mara kumi, na sikio linahisi ukubwa wa mara mbili hivi. Mto uliokuwa mnong'ono unageuka maporomoko ndani ya fuvu. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuonya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza muziki, na linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Mwenye kuizima kelele ya mtaa kwa kelele ya maji analibebesha sikio mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na sikio halijui kwamba mzigo wa pili unaitwa utulivu.

Wapo watakaosema basi mtu afunge dirisha. Hao hawajalala Tabata mwezi Februari. Nyumba nyingi za huko zina madirisha ya nondo na neti, na hewa ya usiku ndiyo kiyoyozi cha watu. Miji ya baridi hujikinga na kelele kwa vioo viwili na kuta nene, na hata huko Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabara usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Katika joto la pwani, familia inachagua kati ya jasho na kelele, na kwa sababu mtoto mchanga hawezi kuvumilia jasho, dirisha hubaki wazi.

Hapo ndipo hoja ya tatu ya watetezi inapoletwa, ile iliyokaa midomoni mwa wengi: mtu huzoea. Aliyezaliwa kando ya reli, wanasema, halisikii treni. Ni kweli kwamba haamki. Lakini tafiti za usingizi zimeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba aliyezoea kelele huacha kuamka huku moyo wake ukiendelea kushtuka. Mapigo yanaruka, mishipa inajikaza, homoni za msongo zinamwagika, na asubuhi mwenyewe anasema alilala vizuri. Jicho lina kope, sikio halina. Mwenyezi Mungu aliliacha wazi usiku kucha ili limlinde mwenye nalo, na mji unaolipiga spika mpaka saa tisa usiku unamtesa mlinzi huyo kazini. Hedifoni haisaidii hapo, kwa kuwa saa za kuumia zaidi ni zile ambazo mtu hajui kwamba anaumia.

Na ni nani hasa anayeweza kuziba masikio? Mama mwenye kichanga anasikilizia pumzi za mwanawe. Mlinzi wa getini analipwa ili asikie. Dereva wa bodaboda akijifunika masikio barabara ya Mandela, huenda asifike. Mama lishe anayeuza chai asubuhi anahitaji kusikia nani ameagiza chapati mbili na nani moja. Mzee wa simu ya kitochi hana hata pa kuufungulia huo msitu. Ushauri wa kujifungia ndani ya sauti za asili uliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake, ofisini au chumbani, asiyetegemewa na yeyote kwa dakika ishirini zijazo. Watu wa namna hiyo wapo. Hawajai hata daladala moja ya Segerea.

Kuna kosa jingine, zito zaidi, nalo ni kudhani kwamba sauti ya asili ina maana moja duniani kote. Katika orodha za sauti za kutuliza, mvua haikosekani: mvua juu ya bati, mvua yenye radi za mbali, mvua ya usiku mzima. Sasa sauti hiyo ipelekwe kwa familia inayoishi kando ya mto Msimbazi, ambao unatoka vilima vya Pugu, ukapita kati ya Tabata na Vingunguti, ukashuka Kigogo na Jangwani hadi baharini penye daraja la Salenda. Desemba 2011 mto huo ulitoka kingo zake na kuua makumi ya watu. Serikali ikazihamishia kaya nyingi za bondeni Mabwepande. Tangu hapo mafuriko yamerudi tena na tena. Kwa mama wa bondeni, mvua juu ya bati saa nane usiku maana yake ni kuamsha watoto, kupandisha godoro juu ya meza na kutafuta vyeti vya kuzaliwa vilipo. Kumwambia avae hedifoni asikilize mvua apunguze msongo ni kumwekea kengele ya moto kama wimbo wa kubembeleza.

Watafiti wenyewe wameligusa hili. Mwaka 2017, timu ya Brighton nchini Uingereza iliwachunguza watu 17 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ikaona kwamba sauti za asili ziliwapumzisha zaidi waliokuwa na msongo, huku baadhi ya waliokuwa wametulia tayari wakishtuka kidogo mwilini. Eleanor Ratcliffe, aliyetumia miaka kuchunguza sauti za ndege na utulivu, ameonyesha kuwa si kila ndege anatuliza. Sauti kali za jamii ya kunguru huwakumbusha watu ugomvi na hatari.

Na kunguru ndiye ndege wa Tabata.

Habari zake zinafaa kuelezwa, kwa sababu zinaonyesha kwamba sauti za mji haziji kama hali ya hewa. Hutengenezwa na maamuzi. Kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakati wa Waingereza, ili asaidie kula taka za mji. Alikula taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka bahari, akaenea. Pale taka zinapozidi ndipo naye anapozidi. Tetere, shore, chozi na mnana wanashambuliwa viotani, na sauti zao zinafifia mtaa hadi mtaa. Sumu na mitego imetumika Dar es Salaam kumpunguza, lakini yeye hutegemea jalala, na jalala liko pale. Hivyo kijana wa Tabata anayelipia bando amsikilize ndege wa msitu wa Sweden analipia kitu kilichokuwa kikiimba bure juu ya mwembe wa bibi yake, kabla taka hazijamwita kunguru.

Tabata inalijua suala la taka kuliko mtaa wowote nchini. Kituo cha Tabata Dampo hakikupewa jina hilo kwa mapambo. Hapo Halmashauri ya Jiji ilimwaga taka za Dar es Salaam, zikawaka moto, moshi ukaingia majumbani, watu wakakohoa. Wakati huo pia ushauri wa upole ulikuwepo: zoea, funga dirisha, hamia kwingine. Wakazi hawakuzoea. Walikwenda Mahakama Kuu. Katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, mwaka 1988, mahakama iliamuru jiji liache kutupa taka Tabata na litafute mahali pengine. Halmashauri baadaye ikapeleka taka Kunduchi Mtongani, ambako nako wakazi walishtaki na kushinda mwaka 1991. Wanafunzi wa sheria ya mazingira wa Tanzania wanazisoma kesi hizo mpaka leo.

Hakuna wakili aliyesimama mahakamani akasema wakazi wa Tabata wagawiwe barakoa na picha za hewa safi. Hewa ilikuwa ya wote, aliyeichafua alijulikana, na amri ilimwendea yeye. Sauti inasafiri katika hewa hiyohiyo. Kwa nini basi anayetoa moshi apelekwe mahakamani, na anayetoa desibeli 90 saa saba usiku asiguswe, huku anayeumia akitakiwa kujinunulia dawa?

Gharama kubwa zaidi ya falsafa ya hedifoni inalipwa na watoto. Mwaka 1975, mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichunguza shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Walimu wa upande wa reli walikuwa wakikatishwa kila treni ilipopita. Kufikia darasa la sita, wanafunzi wa upande huo walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma, wakilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Hakuna aliyewavisha watoto vipokea sauti vyenye sauti ya mto. Mamlaka ya usafiri iliweka mpira kwenye reli ili kupunguza mtetemo, na shule ikaweka vigae vya kunyonya sauti darasani. Bronzaft aliporudi kupima mwaka 1981, pengo lilikuwa limefutika.

Munich ilitoa ushahidi mkubwa zaidi. Mei 1992 uwanja wa ndege wa zamani ulifungwa na mpya ukafunguliwa kwingine, na watafiti Staffan Hygge, Gary Evans na Monika Bullinger walikuwa wamekwisha kuwapima watoto wa pande zote mbili kabla ya siku hiyo. Kule uwanja ulikohamia, kumbukumbu na kusoma kulishuka, na homoni za msongo zikapanda pamoja na shinikizo la damu. Kule ulikoondoka, watoto walianza kurejea katika hali nzuri. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni anga juu ya paa lao. Kwa mzazi wa Tabata Relini, mwenye reli upande mmoja na njia ya ndege si mbali na nyumba yake, habari hizi hazitoki nchi ya mbali.

Je, mazingira ya uhalisia pepe hayana mahali pake? Yanapo, na panastahili heshima. Wagonjwa wa majeraha ya moto Marekani wamepunguziwa maumivu ya kubadilishiwa bandeji kwa kuingizwa katika dunia ya theluji ya kompyuta iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Washington. Katika gereza la Snake River, Oregon, wafungwa waliowekwa peke yao walionyeshwa filamu za misitu na bahari, na utafiti uliotolewa mwaka 2017 na Nalini Nadkarni na wenzake ulikuta makosa ya ukatili ya waliozitazama yamepungua kwa asilimia 26. Ni jambo jema, na kuna wodi za Muhimbili ambako lingefaa kujaribiwa kesho. Lakini tazama nani anayepewa. Asiyeweza kuinuka kitandani na asiyeruhusiwa kutoka selo. Mbadala wa msitu unamfaa aliyezuiwa kuufikia msitu. Gereza la Segerea lipo jirani na Tabata, na mkazi aliye nje ya ukuta wake hajahukumiwa kifungo chochote cha kuikosa sauti ya tetere.

Zimebaki pingamizi mbili zinazosemwa na watu wa kawaida, nazo ni nzito kuliko za wauza vifaa. Ya kwanza ni riziki. Mpiga debe, machinga na mwenye baa wanakula kwa sauti, na kuwanyamazisha ni kuwanyima ugali. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama sauti kubwa ingeleta wateja wapya. Inachofanya ni kuwalazimisha wote kupandisha. Machinga mmoja akinunua spika, wa pili ananunua kubwa zaidi, na mwisho wa mwezi nyanya zilizouzwa mtaani ni zilezile, ila kila mmoja ana deni la betri. Wakishusha wote pamoja, hakuna anayepoteza mteja. Rwanda iliamua Agosti 2023 kwamba baa na shughuli nyingine za usiku zifungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na kelele ilitajwa miongoni mwa sababu. Kigali ina baa mpaka leo.

Pingamizi la pili ni utamaduni na ibada. Dar es Salaam haijawahi kuwa mji bubu, na haipaswi kuwa. Beni, mdundiko, taarabu, dansi, adhana, kwaya: mji uliolelewa na sauti hizo hauwezi kuomba ukimya wa makaburini. Lakini ngoma ya jirani ilikuwa na siku yake na mwisho wake, na aliyekesha alikuwa amealikwa. Sauti ya mtu na sauti ya ngozi ya mbuzi zina mipaka ambayo umeme hauna. Kinacholalamikiwa leo ni kipaza sauti kisicho na mwisho wa usiku, kiwe cha kigodoro, cha mkesha au cha baa, na Mwislamu na Mkristo wanakilalamikia wakiwa wamekaa kwenye baraza moja.

Vifaa vya kutibu viko tayari, na si vya kufikirika. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za 2015, zinazoweka viwango kwa makazi, viwanda na maeneo kama hospitali, vya usiku vikiwa vya chini kuliko vya mchana. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limewahi kuzifungia baa kwa kuzikiuka. Tatizo ni kwamba hufanya hivyo kwa misimu, kama operesheni, na operesheni ikipita spika zinarudi. Kipima sauti kinapaswa kuwa ofisini kwa mtendaji wa kata, na mkazi ajue namba ya kupiga saa saba usiku na nani ataipokea. Masharti ya leseni ya baa yaseme spika inatazama wapi. Gereji na mashine za vyuma zipewe saa. Shule zilizo kando ya reli na barabara kuu zipewe miti na dari za kunyonya sauti kabla hazijapewa kompyuta.

Kisha kuna Msimbazi wenyewe. Mpango wa kuliendeleza bonde hilo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wengine, una bustani kubwa ya mji ndani yake. Huo ndio msitu ambao mkazi wa Tabata anaweza kuufikia kwa nauli ya daladala. Upandwe miti inayokaa ndege, usiwe uwanja wa zege wenye viti; ulindwe na jalala ili kunguru asiurithi; uwe na sehemu ambayo spika hairuhusiwi, kama ilivyo marufuku kuvuta sigara wodini. Mto ukipewa nafasi ya kutanuka bila kuingia vyumbani mwa watu, siku moja mtoto wa Kigogo anaweza kuisikia mvua bila mama yake kukurupuka.

Bado ipo saa moja ya ushahidi, kati ya baa ya mwisho kufungwa na daladala ya kwanza kuwashwa. Saa kumi alfajiri hivi, Tabata hutulia, na penye mwembe au mnazi uliosalia tetere huanza, shore akafuata. Hakuna anayelipa chochote. Mji wa watu milioni 5.38, kwa sensa ya 2022, unayo saa hiyo mkononi, na suala ni kama utaipanua iwe mbili, tatu, usiku mzima, au utaiacha imezwe kisha uwauzie wakazi nakala yake.

Wenye mamlaka watasema wanahitaji muda. Halmashauri ya Jiji ilisema hivyohivyo baada ya kushindwa Tabata: ilirudi mahakamani mara kwa mara kuomba iongezewe muda wa kuendelea kutupa taka, na ikaongezewa. Mwaka 1991 ilirudi tena. Jaji Kahwa Lugakingira alifungua Katiba, ibara ya 14, inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kulindiwa uhai wake na jamii, akakataa kuiongezea hata siku moja.